Simu ya Mkononi Katika Elimu ya Juu: Tuanze na Mwanafunzi Mwenye Simu Dhaifu

Kila mwaka inapofika miezi ya Oktoba na Novemba, familia nyingi katika parokia zetu huwasindikiza vijana wao kwenda kuanza masomo ya elimu ya juu. Zamani mzigo wa kijana huyo ulijulikana: godoro, ndoo, sanduku la bati, madaftari na barua ya kukubaliwa chuoni. Siku hizi kimeongezeka kitu kimoja kidogo kinachokaa mfukoni, nacho ni simu ya mkononi. Wapo wazazi waliouza mbuzi au magunia ya mahindi ili simu hiyo ipatikane, kwa kuwa fomu za kujiunga na chuo, namba ya kulipia ada, majibu ya maombi ya mkopo na ratiba ya masomo, vyote hupitia humo.

Wazazi hao hao hutuuliza: je, simu hii itamsaidia mtoto wetu kusoma, au itampoteza? Wahadhiri nao wana swali lao: je, tuipige marufuku simu ukumbini, au tuifundishie? Ni maswali ya haki, na hayajibiwi kwa neno moja. Jibu tunalopenda kulifafanua katika makala hii ni kwamba simu humsaidia mwanafunzi pale somo linapopangwa kwa kumfikiria kwanza yule mwenye simu dhaifu kuliko wote darasani, na pale mwalimu anapobaki karibu naye. Yakikosekana mambo hayo mawili, chombo kile kile humwongezea aliye nacho na kumwacha nyuma asiye nacho.

Somo tulilopewa na redio

Kanisa na nchi zetu hazikuanza leo kutumia vyombo vya mawasiliano kwa ajili ya elimu. Mnamo Desemba 4, 1963, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani ulitoa hati Inter Mirifica juu ya vyombo vya mawasiliano ya jamii, ukiwahimiza waamini kuvitumia kwa manufaa ya binadamu na kuwalea watumiaji wake, hasa vijana. Huko Nyegezi, Mwanza, Wamisionari wa Afrika walikuwa wamekwisha kuanzisha, mwaka 1960, chuo cha mafunzo ya jamii. Mwaka 1998 Maaskofu Katoliki wa Tanzania walikikuza chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania.

Hata hivyo, fundisho kubwa zaidi kwa mada yetu linatoka katika kampeni ya kitaifa ambayo wazee wengi wanaikumbuka. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia takriban watu wazima milioni mbili kwa njia ya redio. Redio peke yake isingefanya kazi ile. Kulikuwa na vijitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi, na kulikuwa na viongozi wa vikundi waliofundishwa namna ya kuongoza mazungumzo. Watu walikusanyika, wakasikiliza kipindi pamoja, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua jambo la kutenda, kama vile kuchimba choo. Redio moja iliwatosha watu wengi, kwa sababu somo lilipangwa kwa ajili ya kikundi. Asiye na redio hakukosa somo.

Vivyo hivyo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kilijengwa juu ya vitabu vya kujisomea pamoja na vituo vya mikoani, mahali ambapo mwanafunzi anayesoma kutoka mbali anaweza kupata msaada. Waanzilishi wake walifahamu kwamba kumpelekea mtu maandishi ni mwanzo tu wa kumfundisha.

Tuliukumbuka ukweli huo kwa uchungu mwezi Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Nchini Tanzania vyuo vilifunguliwa tena Juni 1 mwaka huo. Katika majuma yale, mwanafunzi aliyekuwa mjini na mwenye mtandao mzuri aliweza kuendelea kusoma kwa namna fulani. Mwenzake aliyerudi kijijini, ambako mtandao hupatikana kwa kupanda kilima na betri huchajiwa kwa malipo dukani, alibaki na daftari lake la zamani. Walikuwa wa darasa moja, na walitarajiwa kufanya mtihani mmoja.

Kazi ambazo simu huzifanya vizuri

Ni vema tuseme waziwazi simu inafaa kwa kazi zipi, maana chombo kinachosifiwa kwa kila jambo mwishowe hakiaminiwi kwa lolote. Kwa maoni yetu, ziko kazi nne.

Kazi ya kwanza ni kumwezesha mwanafunzi kulirudia somo. Katika ukumbi wenye wanafunzi mia tatu, aliyekaa nyuma husikia nusu ya maneno, na yule ambaye lugha ya Kiingereza bado inamsumbua huandika hata asichokielewa. Mhadhiri akirekodi kwa sauti yake muhtasari wa dakika kumi baada ya kila mhadhara, mwanafunzi huyo atausikiliza mara mbili au tatu, akisimama pale alipokwama. Mhadhiri anaweza pia kutumia dakika mbili kati ya hizo kufafanua kwa Kiswahili istilahi tatu au nne zilizo ngumu. Hilo haliipunguzii elimu hadhi yake. Humfungulia mlango mtu aliyekuwa amesimama nje.

Kazi ya pili ni kumwezesha mwanafunzi kujijaribu, na hapa tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kwamba kusoma ni kurudia kurasa zile zile mpaka macho yachoke. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu cha maandishi, kisha likakisoma tena. Kundi jingine lilikisoma, kisha likajaribu kuandika kutoka kichwani yale liliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56 ya mawazo ya kifungu kile, na waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42.

Maana yake ni kwamba kule kuhangaika kukumbuka, hata kama mtu anakosea, ndiko kunakoyatia maarifa mizizi. Simu inaifaa kazi hiyo vizuri. Maswali matano kila jioni, yenye majibu ya kuchagua na maelezo mafupi ya kwa nini jibu ni lile, humchukua mwanafunzi dakika chache akiwa kwenye foleni ya chakula au ndani ya daladala. Swali la namna hiyo likifupishwa hutosha katika ujumbe mfupi wa kawaida wa herufi 160, hivyo hata mwenye kitochi anaweza kulipokea na kulijibu.

Kazi ya tatu ni kumpa nafasi ya kuuliza yule asiyethubutu kunyoosha mkono. Wapo vijana waliolelewa kwa kuambiwa kwamba mtoto mwenye adabu hanyamazishi wakubwa kwa maswali. Wapo wasichana wanaoogopa kuchekwa. Katika kundi la somo linalosimamiwa vizuri, swali la mmoja hujibiwa mara moja na jibu likawafaa wote. Mhadhiri naye hutambua mapema ni wapi darasa zima halikumwelewa, kabla mtihani haujamwambia hivyo kwa kuchelewa.

Kazi ya nne ni kumfuata mwanafunzi anapokuwa mbali na chuo. Mwalimu mwanafunzi aliye katika mazoezi ya kufundisha wilayani hutembelewa na msimamizi wake mara chache. Kwa simu anaweza kumtumia andalio la somo usiku na kupata ushauri kabla ya kuingia darasani asubuhi. Mwanafunzi wa kilimo anaweza kupiga picha ya jani la muhogo lenye batobato, akaandika mahali na tarehe, na kuiwasilisha kama sehemu ya ripoti yake. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kusikiliza tena hatua za utaratibu fulani kabla ya zamu. Huyu wa mwisho lakini akumbuke kwamba mgonjwa si kielelezo cha somo: kumpiga picha bila ridhaa yake na bila idhini ya hospitali ni kuvunja heshima yake.

Zipo pia kazi ambazo simu haizifai. Kuandika tasnifu, kuchambua takwimu na kusoma kitabu kinene kwenye kioo kidogo ni mateso, na hakuna sababu ya kuyavumilia kwa jina la maendeleo. Kwa kazi hizo bado tunahitaji maktaba, vitabu vya karatasi na vyumba vya kompyuta. Chuo kinachojisifu kwamba wanafunzi wote wana simu, huku kikiacha maktaba yake ichakae, kimebadilisha deni lake kuwa mzigo wa mwanafunzi.

Hesabu ya bando

Tukitaka kujua kama somo limepangwa kwa haki, tufanye hesabu ambayo mwanafunzi maskini huifanya kila siku, yaani hesabu ya bando.

Video ya ubora wa kawaida inayotumia kilobiti 500 kwa sekunde hula takriban megabaiti 225 kwa saa moja. Sauti peke yake, ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ambazo zinatosha kabisa kwa maneno ya mtu mmoja anayezungumza, hula takriban megabaiti 14 kwa saa. Maandishi matupu ya kurasa ishirini, yenye herufi kama elfu tatu kwa ukurasa, ni kilobaiti 60, yaani hayafikii hata sehemu ya kumi ya megabaiti moja.

Tumchukulie mwanafunzi mwenye masomo matano, kila somo lina mihadhara ya saa mbili kwa wiki, na muhula una wiki kumi na tano. Hizo ni saa 150. Mihadhara yote ikitolewa kwa video, atahitaji karibu gigabaiti 34. Ikitolewa kwa sauti, atahitaji gigabaiti 2 na kidogo. Ikitolewa kwa maandishi, kurasa ishirini kwa kila saa, atahitaji megabaiti 9 tu kwa muhula mzima.

Hesabu hiyo inaonesha kwamba uamuzi anaoufanya mhadhiri akiwa ofisini, bila hata kuufikiria, ndio unaoamua kama kijana fulani atasoma au atanunua chakula. Hatusemi kwamba video haifai. Yapo mambo ambayo hayafundishiki bila kuonekana, kama vile namna ya kushona jeraha au namna mashine inavyofunguliwa. Basi video iwe ya dakika tano inayoonesha jambo hilo, na maelezo mengine yawe sauti na maandishi.

Aidha, zipo njia za kuepuka gharama kabisa. Mfumo wa Moodle, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, na unaotumiwa na vyuo vingi duniani bila kulipia leseni, una programu ya simu inayomruhusu mwanafunzi kupakua masomo akiwa kwenye mtandao wa chuo na kuyasoma baadaye bila mtandao. Programu ya Kiwix humwezesha mtu kuwa na ensaiklopedia ya Wikipedia ndani ya simu au kompyuta yake pasipo intaneti. Mafaili yanaweza pia kupitishwa kutoka simu hadi simu bila kutumia bando hata kidogo. Mwanafunzi mmoja akipakua, kumi wanafaidika, na hapo tunarudi kwenye hekima ile ya kikundi cha redio.

Wale wanaosahaulika

Tunapozungumzia mwanafunzi mwenye simu dhaifu, tusimfikirie maskini wa fedha peke yake. Tumfikirie pia mwanafunzi asiyeona. Kwake yeye simu janja ni neema kubwa, kwa sababu simu za Android zina TalkBack na za iPhone zina VoiceOver, programu zinazomsomea kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo. Lakini programu hizo husoma maandishi halisi. Mhadhiri akipiga picha kurasa za kitabu na kuzituma kundini, mara nyingi mwanafunzi huyo huambiwa tu kwamba hapo kuna picha. Wenzake wanasoma, yeye amekaa gizani kwa mara ya pili. Dawa yake haina gharama: maandishi yachapwe na kutumwa kama maandishi, na kila picha iambatane na sentensi moja au mbili za maelezo.

Tumfikirie pia mwanafunzi mama, anayesoma usiku baada ya mtoto kulala. Tumfikirie anayeishi katika chumba cha kupanga ambako umeme hukatika. Kwa hawa, kipindi cha moja kwa moja mtandaoni saa kumi na mbili jioni, kisichorekodiwa, ni mlango uliofungwa. Kazi ya nyumbani yenye saa 24 tu za kuiwasilisha ni mtego, ilhali ile yenye juma zima ni ya haki kwa wote. Na kwa yule ambaye hana simu janja kabisa, chuo kiwe na nakala za karatasi maktabani, na mhadhiri asitangaze badiliko la tarehe ya jaribio kwa WhatsApp peke yake, bali na kwenye ubao wa matangazo pia. Tumeona vijana wakikosa majaribio kwa sababu simu iliharibika wiki hiyo. Kosa hilo huandikwa kwa jina la mwanafunzi, ingawa mizizi yake iko kwingine.

Hatari zinazohitaji malezi

Sasa tuwajibu wazazi wenye hofu. Hofu yao ina msingi. Simu ile ile inayobeba somo inabeba pia mpira, kamari, mizaha na mambo yasiyofaa kutajwa, na imetengenezwa ili mtu asiiweke chini. Kila arifa inayolia humkatiza mwanafunzi wazo lake, na kulirudia wazo hilo huchukua muda. Kwa hiyo mhadhiri ana haki ya kusema: "Sasa simu zote ziwekwe mkobani," na baada ya nusu saa kusema: "Sasa zitoeni, tujibu maswali matatu." Utaratibu ulio wazi hulea kuliko marufuku isiyofuatwa na kuliko ruhusa isiyo na mpaka.

Hatari ya pili ni faragha. Katika makundi ya masomo hurushwa orodha za alama zenye majina kamili, namba za simu na hata taarifa za afya za wanafunzi walioomba ruhusa. Watu hufanya hivyo kwa nia ya kuharakisha mambo, lakini humwaibisha aliyeshindwa mbele ya wenzake mia mbili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019. Zaidi ya sheria, kuna utu. Alama za mtu ni zake, apewe yeye.

Hatari ya tatu ni akili mnemba, ambayo sasa inapatikana katika simu ya kawaida na huandika insha nzima kwa sekunde chache. Mwanafunzi anayeitumia ili aelezewe jambo gumu kwa njia rahisi, kisha akaenda kuhakiki maelezo hayo katika kitabu, amepata msaidizi. Anayeitumia ili imfikirie badala yake amejinyima kile alichokifuata chuoni. Januari 28, 2025, Mabaraza ya Kipapa ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa na ya Utamaduni na Elimu yalitoa hati Antiqua et Nova kuhusu akili mnemba na akili ya binadamu. Hati hiyo inakumbusha kwamba uhusiano hai kati ya mwalimu na mwanafunzi ni sehemu ya elimu yenyewe, na kwamba mashine haiwezi kuushika nafasi. Kwa mhadhiri, njia ya vitendo ni kutoa kazi zinazotokana na mazingira ya mwanafunzi, kama vile kuhoji wakulima wa kijiji chake au kupima maji ya kisima cha mtaa wake, kisha kumwita kila mmoja kwa dakika tano aeleze kwa kinywa chake alichokiandika.

Hatari ya nne haitajwi sana, nayo ni uchovu wa mwalimu. Mhadhiri anayeulizwa maswali saa sita za usiku, na kulaumiwa asipojibu kabla ya alfajiri, hatadumu katika kazi hiyo njema. Ni haki atangaze saa zake, tuseme saa mbili kila Jumatatu na Alhamisi, na ni wajibu wa wanafunzi kuziheshimu.

Nani afanye nini

Kwa wahadhiri wetu tunapendekeza mambo manne ya kuanza nayo muhula huu. Wiki ya kwanza, wawaulize wanafunzi kwa karatasi na kwa siri: una simu ya aina gani, unapata mtandao wapi, unachaji wapi, una shida yoyote ya kuona au kusikia? Wakishapata majibu, wapange somo kwa kumtazama aliye chini kabisa katika orodha hiyo. Kila somo liwe na maandishi mepesi, sauti fupi na maswali ya kujijaribu. Na kabla ya kutuma chochote, wakifungue kwanza wao wenyewe katika simu ya bei ya chini.

Kwa uongozi wa vyuo, vikiwemo vyuo vyetu vya Kanisa, tunaomba mtandao wa ndani unaofika mabwenini na siyo kwenye ofisi peke yake, sehemu za kuchajia zilizo salama, na mafunzo kwa wahadhiri. Mhadhiri aliyebobea katika sheria au kemia hakuzaliwa akijua kurekodi somo la sauti. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Katiba ya Kitume Ex Corde Ecclesiae ya mwaka 1990, aliitaja huduma kwa maskini na kwa wale wasiotendewa haki kuwa sehemu ya utume wa chuo kikuu cha Kikatoliki. Katika zama hizi, huduma hiyo hupimwa hata kwa ukubwa wa faili anayotumiwa mwanafunzi.

Kwa parokia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, tuna ombi dogo. Wakati wa likizo, vijana wengi wa vyuo hurudi vigangoni wakiwa na kazi za kukamilisha. Ukumbi wa parokia wenye meza, taa na soketi ya umeme, ukifunguliwa jioni chache kwa juma, unaweza kuwa kituo cha kujisomea kwa vijana wa dini na madhehebu yote. Aliyemaliza chuo anaweza kuja kuwasaidia wadogo zake. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya michango mingi tunayoitoa kwa sherehe.

Kwa wazazi, tunasema: msinunue simu ya fahari, nunueni inayodumu na yenye betri nzuri. Na mnapompigia kijana wenu, msimuulize tu kama amekula na kama ada imefika. Mwombeni awaeleze jambo moja alilojifunza juma hilo. Akiweza kumweleza mama yake aliyeishia darasa la saba, na mama akaelewa, basi amelielewa.

Na kwenu wanafunzi: simu ni yenu, na muda ni wenu. Zimeni arifa mnaposoma. Jijaribuni kabla ya kurudia kusoma. Mkipakua, wapeni wenzenu. Mkiona mwenzenu hayumo kundini, msingoje aulize. Mwendeeni mkamwambie jaribio ni lini.

Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Simu imekwisha kufika mikononi mwa vijana wetu, na kwa wengi wao ni jasho la wazazi. Nyenzo zilizobaki ni zetu: somo lililopangwa kwa haki, mwalimu anayeitika, na jirani anayemkumbuka yule aliyekaa nyuma. Muhula ukiisha, kipimo chetu kisiwe idadi ya video zilizopakiwa. Tumtafute yule mwanafunzi mwenye simu iliyopasuka kioo, tumuulize kama alisoma pamoja na wenzake. Akisema ndiyo, tumshukuru Mungu na tuendelee. Akisema hapana, tunajua pa kuanzia.